Malida Nyumbani kwa Kina Nissim

Milka Wakrulkar alikuja soko la karibu na stesheni ya Thane kununua betri za spika, hakuja kuingilia mambo ya watu. Lakini kijana aliyesimama mbele yake alikuwa anapimiwa mchele bapa wa aina isiyofaa kabisa, na ulimi wa Milka ukamshinda.

"Kaka, huo mwembamba. Ukiulowesha utakuwa uji."

Kijana akageuka. Shati la ofisini lenye mikono iliyokunjwa, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, nazi mbili kwapani, na fungu la mawaridi limebanwa kwa kidevu.

"Umejuaje nataka kuulowesha?"

"Nazi, mawaridi, mchele bapa, na uso wa mtu aliyetumwa na mama yake. Hiyo ni sadaka ya shukrani, malida. Au utaniambia unapika biriani?"

Akacheka, waridi moja likaanguka. "Mama aliweka nadhiri kwa Nabii Eliya, Bibi akitoka salama hospitali tutafanya malida. Bibi ametoka, sasa anakula kunishinda. Naitwa Nissim Awaskar."

"Milka. Chukua ule mnene. Na tende usisahau."

"Subiri. Milka mwalimu? Wewe ndiye unayewafanya shangazi zangu waimbe mpaka majirani wanafunga madirisha?"

"Wawaache wazi. Watazoea."

Jumatano iliyofuata Nissim alitokea katika ukumbi wa jumuiya yao ya Kiyahudi akiwa amebeba kinanda cha harmonia cha marehemu babu yake. Mchana Milka alifundisha jiografia shuleni. Jioni alifundisha Kiebrania pale ukumbini, na Jumatano zilikuwa za nyimbo. Zilikuwa nyimbo ndefu za Kimarathi, lugha ya nyumbani, za Yusufu na nduguze, za Esta na mfalme, ambazo bibi waliziimba wakiwa wadogo na wajukuu hawakuzijua. Kila mwaka familia nyingine zilifunga masanduku kwenda Israeli, na viti vya ukumbini vilizidi kuwa vitupu. Milka alikuwa na imani moja tu, kwamba watu wanaoimba pamoja hawatoweki kirahisi. Alikuwa akiwaandaa kwa tamasha la sikukuu ya Hanuka.

"Kijana amekuja kwa ajili ya nyimbo," Shangazi Flori, mmoja wa waimbaji, alisema kwa sauti ya kusikika, akijitengeneza sari yake ya zambarau. "Macho ndiyo yamekosea njia."

"Shangazi, imba," Milka akasema, uso unamchoma.

Mvua zikaisha, na simu za Nissim zikaanza.

"Mwalimu, umelala?"

"Nimelala. Hii ni sauti ya usingizini."

"Basi usingizini niambie, leo nilipiga vizuri?"

"Ulipiga vizuri mpaka Shangazi Flori alipokukonyeza. Hapo ukaingia wimbo mwingine."

"Ningekonyezwa na wewe, laazizi, ningeingia ukumbi mwingine."

Jioni moja walikaa kando ya ziwa la Talao Pali wakila mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Nissim hakula lake.

"Milka, jina langu liko kwenye maombi ya kuhamia Israeli. Mimi na Mama. Dada yangu Ofra yuko Ashdod, anatungoja. Tuliomba kabla sijakujua."

"Na sasa umenijua."

"Sasa sijui nifanye nini."

Milka akapangusa vidole polepole. "Sitakwambia ubaki. Wanafunzi wangu nawasindikiza uwanja wa ndege, nawapungia mkono, natabasamu. Wewe sitaweza. Ujue hivyo tu."

Baada ya hapo hawakuligusa tena jambo lile. Kisha ikaja simu hii:

"Jumapili kuna malida kwetu. Njoo na mama yako."

"Ya nini?"

"Ukija utajua. Si neno la kwenye simu."

"Nissim, malida haina siri. Mtu amepona, amehamia nyumba, anasafiri, anachumbia. Hii ni ipi?"

"Njoo tu, mpenzi."

Kesho yake Shangazi Flori aliingia ukumbini akihema kwa ngazi na kwa habari. "Nyumbani kwa kina Awaskar ameshuka binti na masanduku. Anatoka Ashdod. Mrefu, mzuri, nywele mpaka hapa. Na Jumapili kuna malida. Mimi sisemi kitu."

Hakuhitaji kusema. Milka alilikamilisha mwenyewe: binti ameletwa, uchumba Jumapili, halafu ndege. Ndiyo maana si neno la kwenye simu. Alimpigia Nissim akiwa amesimama, kana kwamba angekaa asingeweza.

"Jumapili nina mazoezi. Hongera."

"Hongera ya nini? Milka?"

Alikata. Simu ikalia tena na tena, akaifungia kwenye droo ya chaki.

Jumapili aliyekuja mazoezini ni Bibi Mozelle peke yake, mwimbaji mzee kuliko wote, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka tangu zamani. Waliimba beti za Esta, Bibi akiwa mbele kwa mstari mzima. Simu ikaanza kutetemesha droo. Alikuwa Shangazi Flori.

"Uko wapi wewe mtoto?"

"Mazoezini."

"Na nani? Watu wote wako huku. Nissim anaangalia mlango mpaka anamwagia wageni chai."

"Amwangalie mchumba wake."

"Mchumba gani? Yule binti ni wifi yake Ofra, ana mume, ana mimba. Amekuja kumchukua Mama Nissim. Malida ni ya safari ya mama. Mwana haendi."

Milka akashika ukingo wa meza. "Shangazi, si wewe uliyeniambia..."

"Mimi nilisema nimeona binti na masanduku. Uchumba umeupika wewe. Njoo, matunda yanaliwa."

Akampa Bibi Mozelle mkono, wakapanda bajaji. Alikuwa amevaa kurta, shati refu la samawati lililojaa vumbi la chaki, nywele zimefumuka upande mmoja. Nissim alikuwa ngazini kwao, amevaa nyeupe, kikofia kimekaa mshazari. Alimsaidia Bibi Mozelle kupanda, kisha akarudi.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungeniambia."

 Juu, watu walikuwa wakimwimbia Nabii Eliya, na harufu ya mawaridi na nazi ilishuka mpaka walipo.

"Usibaki kwa ajili yangu," Milka akasema. "Siku nitakapokuudhi utasema nilikunyima mama yako."

"Nimeliwaza hilo. Nilipomwambia Mama nimeondoa jina langu, alilia kutwa nzima, halafu akauliza kama unajua kupika samaki wa nazi. Milka, kila nikijiona Ashdod, najiona nimekaa nasubiri simu yako. Na zile Jumatano, bibi wale wanapoimba, najua mimi ni mtoto wa nani. Nabaki kwa vyote viwili. Siwezi kuvitenganisha, usiniombe nivitenganishe."

"Samaki najua kidogo."

"Nilitaka Mama awepo nikikuuliza. Ndiyo maana sikusema kwenye simu." Akavua miwani, akaivaa tena. "Utaolewa na mimi?"

 Milka alimpita, akapanda ngazi, akaingia moja kwa moja jikoni, ambako Mama Nissim alikuwa akimimina chai, macho yamevimba, pete zake zikigonga birika. Kopo la sukari lilikuwa wazi. Kwao uchumba hufungwa kwa sukari: wazee huwatia vijana sukari mdomoni, na baada ya hapo hakuna wa kurudi nyuma. Milka akachota kwa vidole, akamgeukia Nissim aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtia mdomoni.

Birika likawekwa chini.

"Hiyo ni kazi ya wazee," Mama Nissim akasema.

"Nisamehe, mama. Leo nimeshachelewa mara moja."

Mama yule akamtazama muda mrefu, kurta yenye chaki, nywele zilizofumuka. Kisha akachota sukari yake mwenyewe.

"Fungua mdomo," akasema. "Nataka nikifika kule niwaambie sukari niliitia kwa mkono wangu."