Jembe Lililokataa Kushuka

Fundi yeyote wa matrekta ya zamani analijua hili: injini ikizimwa, mikono ya kunyanyulia jembe hushuka. Sili, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, zikiwa zimechoka hushuka upesi, zikiwa nzima hushuka polepole, lakini haipandi kamwe, maana hakuna pampu ya kusukuma mafuta. Ndiyo maana Malachy Tansey, aliyekuwa ametengeneza matrekta ya watu wa kijiji cha Drumkeel tangu ujana wake hadi akafika miaka sitini na saba, alisimama mlangoni mwa banda asubuhi ile ya Aprili na chai ikampoea mkononi. Jioni aliliacha jembe limelala sakafuni. Sasa lilikuwa juu, linaning'inia.

Trekta lenyewe, la kijivu, la mwaka 1953, lilikuwa la kaka yake Fintan. Lilimuua. Miaka arobaini iliyopita Fintan aliingia chini ya jembe kukaza bolti, mikono ikaachia, jembe likamwangukia kifuani. Tangu hapo lilikaa bandani, magugu yakaota hadi kwenye usukani.

Aliyetaka liamshwe ni Assumpta, mke wa Malachy. Kabla ya kuwa mke wake alikuwa mchumba wa Fintan, pete kidoleni na ndoa imeshatangazwa kanisani. Kila Juni parokia hufanya maandamano ya matrekta ya zamani, naye alimwambia mumewe kwamba mwaka huu anataka trekta la Fintan lipite mbele ya makaburi. Malachy hakupata sababu ya kumkatalia.

Akajiambia ni valvu imenasa. Akapima mafuta ya haidroliki, akayakuta meupe kama chai ya maziwa: maji yameingia. Ugonjwa wa kawaida. Akafungua nati ya chini kuyamwaga, ndipo harufu ikamfikia. Haikuwa ya mafuta yaliyolala. Ilikuwa ya udongo mbichi uliopinduliwa, na ndani yake, nyembamba lakini dhahiri, peremende za mnanaa. Fintan alikuwa akizimumunya kutwa ili mama yao asimnuse sigara.

Akaosha chujio, akajaza mafuta mapya, akapima presha ya pampu, akaisafisha valvu hadi ikateleza kama samaki. Kila kitu kilikuwa sawa. Asubuhi iliyofuata jembe, aliloliacha limelala chini, lilikuwa juu tena. Akasukuma wenzo wa kushushia, halikushuka. Akalipanda kwa miguu yote miwili, mtu mzima wa kilo tisini, halikutikisika. Ndani ya trekta, injini ikiwa baridi kama jiwe, kitu kilikuwa kikivuta na kuachia, kikivuta na kuachia, kama pumzi ya mtu aliyevunjika mbavu.

Ilibaki silinda. Alikuwa ameikwepa siku zote hizo. Alipolinyanyua lile funiko zito kwa mnyororo na kuichomoa pistoni, sili aliyoikuta ilikuwa imepasuka sehemu tatu. Hakuishangaa. Juma lile la msiba Fintan alimpa sili mpya amfungie, maana mashindano ya kulima yalikuwa karibu. Malachy aliitia mfukoni na kusema ameshaifunga. Hakutaka kaka yake afe. Alitaka tu jembe limwaibishe mbele ya watu, na mbele ya Assumpta, walau mara moja.

Sasa alifunga sili mpya, akarudisha kila bolti. Asubuhi jembe lilikuwa juu, na chini yake tone la mafuta. Akaweka magogo mawili kulizuia, kama fundi mwenye akili, akalala chali akaingia kutafuta panapovuja, na alipokuwa anapapasa kwa vidole kwenye chuma baridi ile pumzi ikaanza tena juu yake, karibu zaidi, na harufu ya mnanaa ikashuka nzito hadi ikamjaa kooni, na kutoka ndani ya chuma, si kwa ukali bali kwa sauti ile ile ya kaka anayemwamini mdogo wake, akaulizwa:

"Mal, ile sili ulibadilisha?"

Na mdomo wake, uliozoea jibu moja kwa miaka arobaini, ukajibu wenyewe: "Nimebadilisha."

Magogo yakapasuka. Jembe likashuka likasimama upana wa kidole juu ya kifua chake, likabaki hapo, likitetemeka, hadi alipojiburuta nje huku amejikojolea.

Alimwendea Ultan Feeney, mganga, mwana wa saba wa mwana wa saba, ambaye watu humwendea kwa ugonjwa wa mkanda wa jeshi na kwa mambo wasiyoweza kumwambia padri. Mzee yule alikuja, akasimama kizingitini mwa banda, hakuingia.

"Hakuja kuua," akasema kwa sauti ya chini. "Angetaka, tungekuwa tunakuzika leo. Amekuuliza jambo, ukamdanganya tena."

"Basi nitamjibu. Nimjibu sasa hivi."

"Yeye jibu analijua, ndugu yangu. Mwambie yule asiyelijua."

Dirishani mwa jikoni Assumpta alikuwa akiwatazama.

Malachy akamwita. Akamwambia yote palepale bandani, macho yake sakafuni, na hakujipunguzia kitu. Alipomaliza, mikono ya trekta ikashusha pumzi ndefu, jembe likalala chini taratibu kama mtoto anayelazwa, na harufu ya mnanaa ikatoka mlangoni ikapotelea mvuani. Ultan akavaa kofia yake akaenda zake.

Assumpta hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile sili mpya uliipeleka wapi?"

"Niliifunga kwenye trekta la baba yako. Juma lile la mazishi."

Assumpta akakumbuka, naye Malachy akaona anavyokumbuka: baba yake akilisifu trekta lake, akimsifu kijana aliyelitengeneza bila kudai chochote ilhali ana msiba, akimwambia binti yake kwamba moyo wa namna ile hauokotwi njiani.

"Kumbe," akasema Assumpta. Tangu siku hiyo alimpakulia chakula, alimfulia, lakini neno jingine hakumpa.

Juni ilipofika aliendesha trekta yeye mwenyewe, jembe likinyanyuka na kushuka kila alipotaka. Malachy alisimama na wenzake ukutani mwa makaburi, wakimpiga mgongoni kumpongeza kwa kazi safi. Yeye alikuwa akilitazama jiwe la Fintan. Chini ya jina la kaka yake palikuwa na herufi mpya, bado nyeupe kwa vumbi la patasi: Assumpta, kwa jina la kwao, si la mume. Mwaka wa kuzaliwa ulikwisha chongwa, ule wa kufa umeachiwa pengo. Na chini ya hapo mchongaji alikuwa amechora mstari wa kufungia jiwe; nafasi ya jina la tatu haikuachwa.