Kaskazi ya Kangle

Kila jioni, futari ikiwa bado jikoni, Kauthar alipanda ngazi hadi juu ya paa akiwa na kopo la maji mkononi. Nyumba yao ilikuwa Kangle, ndani ya jiji la Guangzhou. Watu walikuita kijiji, lakini kilikuwa kijiji kwa jina tu. Nyumba zilibanana hata jirani aliweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, na chini vichochoroni cherehani hazikunyamaza tangu asubuhi. Jua lilipatikana juu ya paa tu, na huko ndiko mama yake, Mwanakhamis, alikolima bustani.

Bustani yenyewe ilikuwa makasha meupe ya kubebea samaki, yamejazwa udongo. Upande mmoja yalikuwa ya mwenye nyumba, Bibi Luo, naye alipanda vitunguu vya majani na mboga za Kichina. Upande wa pili yalikuwa ya Mama: pilipili, mchaichai na mirehani. Ah, mirehani! Ukiigusa kidogo tu, kiganja kinanukia kutwa nzima. Mbegu zake Mama alikuja nazo kutoka Unguja, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Zilitoka uani kwa mama yake, Bibi Kazija. Sasa Bibi Kazija ni marehemu, nyumba yake imeuzwa, na ule uwa umemwagwa zege. Mrehani wake ulibaki mahali pamoja tu duniani, juu ya paa la Kangle.

"Idi ikipita, maua yatakuwa yamekauka, nami nitakusanya mbegu," Mama alizoea kusema. "Baridi ikiisha tunapanda upya. Mpaka hapo, ole wake atakayeigusa!"

Watoto wa Kangle walimwita Bibi Luo "Popo", maana kwa lugha yao ndivyo aitwavyo bibi. Siku ya kwanza Mama alipomsikia Kauthar akiita hivyo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wa watu mnamwita popo! Na akilala ananing'inia kichwa chini?"

Hata hivyo, wanawake hao wawili walipendana. Wakati wa sikukuu ya mwezi mpevu, Popo alileta keki kwenye sahani. Nanyi mnajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Mama alikata matawi ya mirehani yaliyokwisha kukomaa, akafunga shada, akalilaza kwenye ile sahani, na Kauthar akamweleza Popo desturi hiyo. Popo alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

Kati yao hapakuwa na lugha ila Kauthar. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kikantoni, lugha ya huko, alikiokota ngazini na dukani kama mtoto anayeokota embe. Mama alimwita "ulimi wetu". Kauthar alivimba kichwa kwa sifa hiyo, na kichwa kikivimba sana, masikio huziba.

Mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Ramadhani iliangukia majira ya baridi. Ilikuwa baridi yao ya kwanza ugenini. Baba yake, Maulid, alikuwa amesafiri na mzigo kwenda Hong Kong, na Mama alishikwa na homa, hata kufunga hakuweza.

"Bustani iko mikononi mwako," Mama alimwambia. "Nakuamini."

Alasiri moja Kauthar alikuwa akiteremka mbio kwenda kununua tambi. Popo alimsimamisha ngazini, mkono kwenye goti lake linalouma.

"Kauthar, sikiliza. Usiku wa leo inakuja *pak-fung*, tena kali. Mwambie mama yako..."

"Najua, Popo, najua! Nitamwambia!" Kauthar alijibu bila kusimama.

*Pak* ni kaskazini, *fung* ni upepo. Kulikuwa na nini kigumu hapo? Aliporudi na tambi alichungulia chumbani. "Mama, Popo anasema usiku huu inaingia kaskazi. Kali sana."

"Kaskazi!" Mama alijiinua kwenye mto. "Alhamdulillahi! Basi joto linarudi. Nenda ufunue nailoni yote tuliyofunikia makasha, mimea ipumue, kisha uimwagilie mpaka ilowe. Kaskazi hukausha, mwanangu."

Na kwa Mzanzibari hakukosea hata neno. Kule Unguja, Desemba upepo ukigeuka, watu hulala madirisha wazi, na mche usiopata maji hukauka. Kaskazi ni joto. Mtoto mchanga anajua.

Kauthar alipofika juu alikuta makasha ya Popo yamefunikwa magunia, juu ya magunia nailoni, juu ya nailoni mawe. Akasimama. Mbona anafunika, na joto linakuja? Mlango wa Popo ulikuwa ngazi chache tu chini yake. "Ah, uzee huo," alijisemea. Akafunua, akamwagilia, akaenda zake kufuturu.

Asubuhi baridi ilikata masikio. Sakafu ya paa ilikuwa nyeupe kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi. Pilipili zilikuwa zimeinama. Mirehani ilikuwa imekuwa myeusi, majani yamelegea, na Kauthar alipoyafikicha hayakutoa harufu yoyote. Alijaribu kichaka cha pili, na cha tatu, na cha mwisho. Yote ilikuwa vile vile.

Mama alipanda nyuma yake, amejifunga kanga juu ya sweta. Alipoona, aliketi chini kwenye saruji.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu amekufa mara ya pili."

Kauthar hakuwahi kumwona mama yake akilia namna ile, mdomo wazi, bila sauti. Alitamani saruji ipasuke immeze.

Wakati huo huo Popo alitokea, akaanza kuondoa magunia yake. Chini yake mboga zilikuwa kijani, nzima kabisa. Alipogeuka na kuona upande wa pili, alipiga makofi kwa mshtuko. "Kauthar! Si nilitaka muiteremshe ndani? Si nilikwambia ni baridi ya kuua?"

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Hayo ya kuiteremsha ndani yalikuwa katika yale maneno ambayo hakuyangoja.

"Anasema... anasema pole."

"Pole!" Mama alisimama. "Zake kafunika, sisi anatuambia kaskazi! Popo kweli huyu, si ndege wala si mnyama! Mwambie pole yake siitaki."

"Mama anasema anaumwa," Kauthar alimwambia Popo, akitazama chini. "Anataka kupumzika."

Popo alitikisa kichwa, akateremka polepole akishika ukuta. Kwa hiyo uongo ukawa wa pande mbili, na katikati amesimama yule aliyeitwa ulimi wa nyumba.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama alipita ngazini bila kumtazama Popo. "Baba yako akirudi tunahama," alisema. "Sikai chini ya dari moja na mtu mwenye choyo kama hicho." Jioni moja Popo alibisha hodi na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi, dawa ya mgonjwa.

"Mwambie *meyo*!" Mama alisema kutoka kitandani. Hilo lilikuwa neno la sokoni walijualo wafanyabiashara wote: hakuna, hatutaki, nenda zako. Halikuhitaji mkalimani. Popo alilisikia mwenyewe, akageuka na bakuli lake, na mvuke wa uji ukamfuata ngazini.

Kauthar alishinda na funga. Alijua kufunga si kuacha wali peke yake. Ulimi nao hufungwa, na wake ulikuwa umekwisha kula sana. Mara tatu alifungua mdomo aseme, na mara tatu akaomba chumvi, akauliza saa, akakohoa.

Kesho yake kabla ya magharibi alikuja Anti Bibiana kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mwenyeji wa Njombe, akinunua nguo za watoto katika soko la Shahe na kupeleka nyumbani, na sauti yake ilitangulia mwili wake mlangoni.

"Shikamoo, Anti," Kauthar alisema.

"Marahaba, binti. Dada Mwanakhamis, nasikia bustani imekwisha?"

Mama alimweleza yote, na ile sakafu iliyokuwa nyeupe kama chumvi.

"Ee, hiyo ni sakitu, umande ulioganda!" Bibiana alisema. "Kwetu Njombe sakitu ikianguka, shamba zima la viazi linalala. Lakini nyie hamkusikia? Siku ile Shahe kutwa wauza makoti walikuwa wanapiga kelele, *pak-fung, pak-fung*! Hapa upepo ukitoka kaskazini unatoka kwenye barafu, dada. Sio kaskazi yenu ya Unguja ya kulala nje."

Mama alimgeukia Kauthar taratibu.

"Yule bibi alisema nini hasa?"

Kauthar alikuwa ameshika tende, akingoja wakati wa kufungua. Neno moja tu lingemwokoa: "Alisema hivyo hivyo, Mama." Popo asingeweza kumkanusha kwa Kiswahili. Hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angejua, ila yeye.

Akaweka tende kwenye sahani.

"Alisema *pak-fung*. Alitaka kuniambia zaidi, mimi nikamkata. Nikasema najua. Halafu asubuhi aliuliza kwa nini hatukuiteremsha mirehani ndani, nami nikakwambia anasema pole. Mama, Popo hana kosa. Ni mimi." Machozi yalimtoka. "Niliuua mrehani wa Bibi, kisha nikakuachia umchukie mtu bure."

Bibiana alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Mrehani ungekufa kwa kukosea," Mama alisema mwishowe, "ningelia nikanyamaza. Mimi mwenyewe niliposikia kaskazi sikuuliza, nilifurahi tu. Lakini kunifanya nimfukuze mtu aliyeniletea uji! Hilo limeniuma kuliko mrehani." Alijifuta uso kwa kanga. "Fungua funga yako. Kisha tunakwenda chini."

Walikwenda na sahani ya kaimati, moto bado. Popo alifungua mlango nusu.

"Sasa sema," Mama alimwambia Kauthar. "Yote. Na hilo la popo pia."

Kauthar alisema yote, na safari hii hakupunguza neno. Alipofika pale kwamba kwa Kiswahili popo ni yule mnyama arukaye usiku, na kwamba Mama alimwita hivyo kwa hasira, sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri. Popo alikunja uso. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Aliingia ndani, akarudi na bakuli la kale lililochorwa popo wekundu ukingoni.

"Kwetu huyu ni mnyama wa heri," alisema. "Mwambie mama yako ameniombea baraka bila kujua." Halafu akaacha kucheka, akamtazama Kauthar. "Lakini wewe umeniumiza. Nilikuwa nadhani ninayo masikio mawili ya kijana hapa nyumbani."

Kauthar aliyafasiri hayo nayo, ijapokuwa yalimchoma. Mama aliinama, akambusu Popo mkono. Lakini mirehani ilikuwa imekwisha.

Kesho yake asubuhi sahani ilirudi. Popo aliishika kwa mikono miwili, na juu yake palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa.

"Mlinifundisha sahani hairudi tupu," alisema. "Hili nililiweka kwenye sanduku la nguo, lifukuze wadudu. Jana niliposikia habari ya marehemu ndipo nikalikumbuka."

Mama aliondoa kitambaa. Lilikuwa lile shada la mirehani la sikukuu ya mwezi, kavu kabisa. Alilifikicha kiganjani, na harufu ikajaa mlangoni, harufu ya uwa wa Bibi Kazija. Kati ya makapi zilidondoka mbegu, ndogo, nyeusi, nyingi.

"Ya Rabi!" alisema Mama, akakaa pale pale kizingitini. "Nilikuwa ninataka kuhama."

"Popo, tuzipande lini?" Kauthar aliuliza.

"Baada ya mwaka mpya wetu, msufi wa huku ukichanua maua yake mekundu njiani..."

Kauthar alingoja. Popo alivuta pumzi, naye akazidi kungoja.

"...lakini si ua la kwanza. Ua la kwanza hudanganya. Ngoja mti wote uwe mwekundu, na mvua za rasharasha zianze."

"Mti wote, si ua la kwanza, na mvua ziwe zimeanza," Kauthar alirudia. "Na usiku zifunikwe?"

"Zifunikwe mpaka niseme."

Mama aligawa mbegu mafungu mawili. Moja alilifunga kwenye pindo la kanga, la pili akalitia kiganjani mwa Popo, akamkunja vidole. Mrehani wa Bibi Kazija haungekaa tena mahali pamoja tu.

Walipokuwa wakipanda ngazi kwenda juu ya paa, Mama alimshika Kauthar bega.

"Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hilo letu sote wawili, mimi na wewe. Lakini hili ni lako. Maneno ya mtu ukipewa uyabebe ni amana. Ukiyapunguza umeiba, na ukiyaficha unaweza kumnyima mwenzako hata mwenye dawa yake. Mbegu zilikuwa chini ya dari hii siku zote, Kauthar. Uongo ndio uliokuwa umesimama mlangoni."

"Nimesikia, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi nenda kapokee lile bakuli la uji nililolikataa, umwambie nimelitamani tangu juzi."