Bia Nyeusi Katika Bafu la Jeptoo

“Cornelius, hii ni nini kwa bafu yangu?”

Jeptoo alikuwa bado na sare ya kazi. Alitoka zamu ya asubuhi hospitalini, miguu inamuwaka moto, anataka kuoga tu. Nyuma ya pazia akakuta madumu matatu, yale makubwa ya maji ya kunywa, yamejaa kitu cheusi kinachotoa mapovu.

Mumewe akaja mbio kutoka jikoni, taulo begani.

“Babe, nilitaka iwe surprise ya Krismasi.”

“Ni pombe?”

“Ni bia. Unakumbuka ile nyeusi nilikuambia, ile hoteli yetu huleta kutoka Ulaya kila Disemba? Nimeiga hiyo. Mdalasini, karafuu, maganda ya machungwa, halafu nikatia tende. Ni miezi hii tu Doha iko na baridi ya kuiivisha polepole.”

Cornelius alihudumu katika baa ya hoteli moja mtaani Al Sadd, na akianza kuzungumzia bia, macho yake yaling'aa. Jeptoo alimpendea macho hayo. Leo yalimtia hofu.

“Unajua hapa watu hufungwa kwa kutengeneza pombe kwa nyumba. Unafungwa, kisha unarudishwa nyumbani. Na hii nyumba iko kwa jina la nani?”

“Lako.”

“Kwa hivyo watamshika nani kama si mimi? Leseni yangu ya unesi itaenda wapi?”

Cornelius akamshika mikono yote miwili.

“Wakikuja nitasema ni yangu. Naapa mbele ya Mungu. Siwezi kukuingiza kwa shida, Jeptoo. Wewe ni mke wangu.”

Jeptoo akakaribia kumwamini. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uongo nao una siku yake ya kukohoa, maana hapo hapo simu ya Cornelius ikalia juu ya sinki. Ujumbe ulitoka kwa Marvin, mwenzake wa baa:

“Bro, ile ya winter imeiva?”

Jeptoo akaichukua simu, akasoma na ya jana.

Marvin: “Na wakikushika?”

Cornelius: “Relax. Nyumba ni ya wife. Jina langu haliko popote.”

Akamgeuzia simu aone.

“Nilikuwa natania, babe. Unajua vile mimi na Marvin huongea.”

“Umeniweka mimi mbele kama ngao, halafu unaita utani.”

Kabla hajajibiwa, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Laban, Mganda anayelinda jengo lao hapo Fereej Bin Mahmoud.

“Madam, samahani sana. Watu wa chini wanasema maji yanavuja kutoka kwenu. Nakuja na fundi, dakika kumi.”

Hawakubishana tena. Cornelius akavuta dumu la kwanza, akasita. Jeptoo akachota kidogo kwa kikombe, akaonja. Ilikuwa nzito, ina joto la karafuu, na uchungu mdogo wa chungwa mwishoni.

“Ni tamu,” akasema, machozi yakimlengalenga. “Umeweza kweli.”

Kisha akaliinamisha dumu mwenyewe. Wakamwaga yote matatu chooni, wakafungua bomba, wakafungua dirisha. Cornelius alikuwa analia bila sauti, na Jeptoo alimhurumia kutoka moyoni.

Kengele ikalia.

Fundi aliingia na spana yake, akaingia bafuni, akanusa. Akasema neno kwa Kiarabu. Laban akatafsiri:

“Anauliza, hii harufu kama ya mkate ni ya nini?”

“Ni wife,” Cornelius akadakia. “Alikuwa anajaribu mambo yake ya Krismasi. Mimi hata sijui ni nini.”

Laban akacheka. Fundi akakaza bomba, akasema khalas, imekwisha, wakaondoka.

Jeptoo alibaki ameegemea ukuta.

“Jeptoo, ilinitoka tu.”

“Najua. Hukupata hata nafasi ya kufikiria, na bado ukanitaja mimi.”

“Lakini ni fundi tu!”

“Eeh, ni fundi tu. Angekuwa polisi je?”

Jeptoo akaenda akafungua kabati la nguo.

“Beba nguo zako uende ukae na Marvin.”

“Mpaka lini?”

“Sijui. Mpaka niweze kulala na wewe kwa nyumba moja bila kuogopa.”

“Hunipendi tena?”

“Nakupenda. Hiyo ndiyo shida.”

Jeptoo mwenyewe alimkunjia mashati, moja moja, akilia. Kisha akamfungulia mlango, na Cornelius alipogeuka kumtazama, akaufunga.