Pombe Iliyorudishwa Mubi

Siku hiyo soko la Mubi, mashariki mwa Kongo, lilikuwa limejaa, na pikipiki ilipita ikamrushia matope muuza vitenge mmoja. Mwalimu Akilimali, shati lake jeupe limepigwa pasi, akamwinamia na kumpa kitambaa chake.

"Pole, dada."

"Asante, mwalimu. Si wewe njo unafundishaka watu wazima Kiingereza kule kanisani?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Agathe. Nataka kuingia chuo cha wauguzi Kampala. Kifaransa ninacho. Kiingereza, hata kidogo."

Kwa miezi minane Agathe hakukosa darasa. Alitaja viungo vya mwili kwa sauti huku akipima vitenge, wateja wakimcheka. Masomo yakazaa mapenzi, na jioni Akilimali alimpigia simu.

"Mupenzi, umemeza somo?"

"Nimemeza, na limenikwama. Kuja unipe maji!"

Chuo kilipomkubali, Akilimali akaingiwa na hofu ya kumpoteza. Bila kumwuliza, akamtuma mjomba wake na mtungi wa kasiksi kwa Papa Barthélemy, baba yake Agathe, ili tu ajulikane nyumbani. Mzee akainywa pombe ile ya ndizi, akafurahi, akatangaza: binti ambaye pombe yake imenywewa hasafiri mpaka aolewe.

Agathe akapiga simu akilia. "Akili, umenifanyia nini? Masomo inaanza juma ijayo!"

"Nilitaka kukuheshimu."

"Ungeniuliza!" Akakata.

Asubuhi Akilimali akaenda mwenyewe, amebeba mtungi mwingine uliojaa, kama inavyompasa mwanamume anayejitoa katika uchumba: pombe ya pili huifuta ile ya kwanza.

"Papa, narudisha pombe ya uchumba. Simutaki tena Agathe."

"Mutoto wangu iko na kasoro gani?"

"Hana. Kasoro iko kwangu."

"Basi pombe yako haitanywewa tena katika nyumba hii, hata nikifa!"

Akilimali aliijua desturi hiyo, kwamba anayejitoa haposi tena nyumba ile, kabla hajabeba mtungi.

Mzee, kwa hasira, na kwa kuwa hapakuwa tena na mchumba wa kungojwa, akamwachia binti yake safari. Akilimali akamkuta barabarani, amevaa kitenge kipya cha buluu, sanduku limefungwa nyuma ya pikipiki.

"Nilikuwa jikoni, nilisikia yote," Agathe alisema. "Ulimudanganya Papa. Nikirudi..."

"Ukirudi, mwanaume mwingine ataleta pombe. Wende, mama. Na kule ukilia, ulie kwa Kiingereza, wakuelewe."

Agathe akaanza kucheka, akashindwa kumaliza. Dereva akawasha pikipiki.