Kichaka Kinachonukia Bizari

Kila asubuhi filimbi ilipolia katika kambi ya askari magereza, Jinja, mtoto aitwaye Night alishika ndoo na kumwagilia maji. Alimwagilia sukuma, akamwagilia maua, na usingizi ukimzidi, hata mawe yaliyopakwa chokaa yalipata sehemu yao. Baba yake, Afande Geresom, alitaka kila kitu kiwe kwenye mstari, hata kuku kama wangekubali.

Likizo iliyopita Night alikwenda Mbale kwa shangazi yake, Nabifo, anayeuza miche kando ya barabara pale Namakwekwe. Siku moja walipanda miteremko ya Mlima Elgon hadi kwa rafiki ya shangazi. Huko juu, penye baridi na ukungu, Night aliona uzio wa vichaka virefu vyenye maua ya njano, makubwa kama kiganja cha mtoto. Nyuki walikuwa wakitoka humo miguu imejaa chavua.

“Senga, hiki ni nini?” Night alimuuliza shangazi.

“Wataalamu wanakiita haiperikamu. Sisi tunakikata kuni na kuzungushia boma. Hebu sugua jani, unuse.”

Night alisugua, akanusa, akacheka. “Bizari! Kama mchuzi wa harusi!”

Shangazi alimpa mbegu ndani ya karatasi. Zilikuwa laini kama ugoro. “Zinataka mwanga,” alisema. Lakini Night alikuwa ananusa jani la pili.

Shuleni, Mwalimu Matia wa sayansi alifurahi mno. Alimpa kasha lenye udongo, akasema, “Siku ya wazazi utatueleza jinsi mmea wa mlimani unavyooteshwa. Wewe ndiye utakayefungua maonyesho.”

Night alipanda kama walivyopanda mahindi kijijini kwao Busiu. Alivuta kamba, akachimba vishimo vya kina cha kidole, akatia mbegu, akafukia, akakanyaga, akamwaga maji ndoo nzima. Mistari ilinyooka, hata Afande angeipigia saluti.

Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya nne, kimya.

“Mlima wako bado umelala?” aliuliza Griffin, mwana wa dereva wa lori kutoka Kenya. “Tuupigie filimbi?”

Darasa lilicheka. Jioni hiyo Night alikwenda kwenye mfereji, akang’oa magugu madogo yenye majani mazuri, akayapanda kwenye kasha kwa mstari. Asubuhi Mwalimu Matia alipiga makofi. “Imeota! Barua za wazazi nimeshatuma. Shangazi yako pia anakuja.”

Night alikwenda kuketi bila kulitazama kasha.

Siku ya wazazi, Griffin aliinama juu ya kasha, akachuma jani, akalisugua. Alinusa mara mbili. “Bizari iko wapi? Hili linanuka mfereji.”

“Harufu inakuja… likikua,” alisema Night. Hata yeye hakujiamini.

Griffin alimtazama, akalitia jani mfukoni.

Wazazi walikaa. Afande Geresom alikuwa mstari wa mbele, viatu viking’aa. Shangazi Nabifo aliingia akihema, amebeba mche kwenye kopo. Mwalimu alisema, “Night, tueleze ulivyofaulu.”

Night alifungua kinywa. Maneno aliyoyakariri yalikuwa tayari. Alimwona shangazi akinyoosha shingo kutazama lile kasha, akayaacha.

“Sikufaulu,” alisema. “Haya ni magugu, niliyatoa mferejini. Mbegu nilizifukia kama mahindi, hazikuota, nikaona aibu. Nisamehe, Mwalimu.”

Watu waliguna. Afande alitazama viatu vyake. Mwalimu Matia alimgeukia Nabifo, akauliza taratibu, “Shangazi, kwa nini hazikuota?”

“Kwa sababu ni vumbi tupu!” alisema Nabifo. “Ukizifukia kidole kizima, zitatokea wapi? Unazinyunyiza juu ya udongo, unazigandamiza kwa kiganja, unarashia maji kidogo. Hapa Jinja kuna joto, zitafutie kivuli chepesi. Au kata tawi changa, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu.” Akatoa karatasi nyingine ya mbegu mfukoni. “Nilijua tu. Mtoto wa kambi akiona mbegu lazima atafute jembe!”

Ukumbi ulicheka, na Afande akacheka kwa sauti kuliko wote. Kisha akasema, “Kuanzia kesho, ile ndoo ya asubuhi unipe mimi.”

Night alipanda upya, mbele ya wazazi wote. Baada ya wiki chache vilitokea vijani vidogo kama vichwa vya pini, vimetawanyika ovyo, bila mstari hata mmoja. Muhula uliofuata Griffin alichuma jani moja, akalisugua, akalinusa, akafumba macho.

“Basi,” alisema, “njaa imenishika.”

Mwalimu Matia aliweka mkono juu ya kasha. “Night, ungeendelea kunidanganya ile siku, leo tungekuwa tunapalilia magugu ya mferejini na kuyaita mlima. Ulisema mbegu zimekataa, ndipo tukajua zinataka nini. Mtu akificha kosa lake, analifukia pamoja na jibu lake.”

“Kina cha kidole,” alisema Griffin.

“Nyamaza, ushike kopo la maji,” alisema Night. “Rashia kidogo tu.”