Kazi ya Tano Haina Jina

Tii.

Mlio mmoja tu, mwembamba kama sindano inayopenya kitambaa. Kisha kimya.

Sandra aliacha kumpapasa mtoto mgongoni. Umeme ulikuwa umekatika kijiji chote cha Mukuju tangu magharibi, na kompyuta aliizima kwa mkono wake mwenyewe. Mezani palibaki kitu kimoja tu chenye uwezo wa kulia: bodi ya mizani, kipande cha kijani kisichozidi kiganja. Nayo haikuwa imeunganishwa popote. Waya wake ulining'inia ukingoni mwa meza, mtupu.

Akatazama simu. Saa mbili na dakika kumi na saba.

Mtoto akaanza kulia.

Sandra alikijua kilio cha njaa, akakijua na cha tumbo. Hiki hakikuwa kimojawapo. Kilikuwa kilio cha mtu anayeita, akisikiliza, asiitikiwe, akaita tena. Kila jioni, dakika ileile, wiki tatu mfululizo. Mtoto alikuwa wa miezi miwili na alikuwa amelikataa ziwa. Mbavu zake zilionekana kama vijiti vya kapu. Zahanati walimpima damu mara mbili, wakasema hana kitu. Kwenye kadi ya chanjo aliandikwa "Mtoto wa Sandra", kwa sababu jina hakuwa nalo bado.

Jina lilikuwa mikononi mwa mama mkwe. Katika ukoo wa Ochwo, mumewe, mtoto akilia hivyo husemwa kuna marehemu anayetaka kuitwa ndani yake. Bibi humpakata, huwataja wafu wa nyumba mmoja baada ya mwingine, polepole, na jina atakalolinyamazia mtoto ndilo lake. Sandra alizaliwa Busia, upande wa Kenya, kwa Wasamia, na huko nako mambo hayo yalijulikana. Hakuyacheka.

Mlango ulisukumwa bila hodi. Mama Awor, mkwewe, aliingia na taa ya chemli, mrefu, mkavu, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kupigana. Alimtwaa mtoto bila kumtazama mama yake.

"Oboth," alisema. Mtoto akalia. "Okoth." Akalia. "Othieno. Owora." Akalia, akalia, mpaka sauti ikakauka, ukabaki mdomo wazi tu na machozi.

Mama Awor alimrudisha kama mtu anayerudisha sahani iliyopasuka. Kisha akaigeukia meza.

"Hiyo takataka yako imelia tena."

Sandra alimjibu kwamba umeme haukuwapo, haiwezi kulia.

"Nimekuuliza umeme? Mke wa Ochwo, wenzako wanaleta kuku. Wewe wa Busia umeniletea chuma kinacholia usiku."

Akatoka. Nyuma yake chumba kilibaki na harufu ambayo Sandra hakuielewa. Mpira unaoungua. Aliinama akainusa bodi, akidhani ni waya umeshika moto. Bodi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

*

Bodi ilitoka kwa Muniru, mfanyabiashara wa mahindi mwenye ghala Busia, hatua chache kutoka mpakani. Alikuwa na mizani sita, na zote ziliganda kila jioni kwa wakati mmoja, malori yamepanga foleni, wapagazi wanatukana kwa lugha nne.

"Mafundi ya Kampala nashindwa," Muniru alimwambia siku ile, akimkabidhi bodi moja ndani ya mfuko wa sukari. "Nasema hawajui hii kitu inafikiri namna gani. Ile kijana alitengeneza iko Mukuju yenu huko. Zamani sana."

Sandra aliuliza kijana huyo ni nani. Muniru alijishughulisha na kalamu yake, akasema alishakufa, na kwamba wateja wanamsubiri.

Sandra alikuwa mwandishi wa programu, na kazi yenyewe aliipenda. Alikuwa na debaga, programu ya kuchungulia programu nyingine ikiwa inakimbia: huisimamisha katikati ya hatua, huikagua tumbo, kisha huiachia iendelee. Lakini debaga haijui kila mashine. Prosesa ya bodi hii, yaani ubongo wake, ilikuwa ya zamani, na mfumo endeshi uliokuwa juu yake haukupatikana popote duniani, kwa maana yule kijana aliuandika mwenyewe, peke yake, toka mstari wa kwanza. Sandra alilazimika kuifundisha debaga yake yote mawili. Rejista, vijisanduku vya namba ndani ya prosesa, ni ngapi, kila moja ina upana gani. Amri ipi huisimamisha prosesa, ipi huiachia. Namna ya kufuata nyayo, kutoka hatua ya sasa kurudi kwa ile iliyoituma, na iliyoituma hiyo, mpaka mwanzo. Halafu mfumo: orodha ya kazi zake imehifadhiwa wapi, nani amelala, nani yuko macho.

Usiku na mchana aliandika, mtoto mapajani. Na kadiri alivyoandika, ndivyo alivyomfahamu marehemu. Alikuwa mtu nadhifu. Hakupoteza nafasi. Kila kazi aliipa jina fupi la kirafiki, kama mtu anayewaita kuku wake. Sandra alijikuta akimwonea huruma, mtu ambaye hata sura yake hakuijua.

Kosa la Sandra mwenyewe lilikuwa dogo, la mtu mwenye haraka. Kuisimamisha kazi moja na kuziacha nyingine zikiendelea kungechukua wiki nzima zaidi. Kwa hiyo aliandika amri moja tu ya kusimamisha, na ikishapita, kila kitu husimama.

Kila kitu.

Siku moja alimpigia Ochwo, aliyekuwa na lori njia ya Juba. Alimwuliza kama kuna marehemu wa nyumba ambaye Mama hamtaji. Injini ya lori ilinguruma simuni.

"Usiniulize mimi," Ochwo alisema. "Na Mama usimuulize kabisa."

Akakata. Hakupokea tena.

*

Siku ya ishirini na mbili mtoto hakuwa na nguvu ya kulia mchana. Alilala macho nusu, pumzi fupi kama ya ndege aliyeshikwa. Jirani, Lillian, alikuja kumwona, akaondoka haraka akifuta macho, na nje Sandra alimsikia akimpigia seremala simu kuulizia mbao fupi, kwa sauti ya chini.

Jioni ile debaga ilikamilika. Umeme ulikuwapo. Sandra alimfunga mtoto kifuani kwa leso, akaunganisha bodi, akasubiri. Kama sauti ile na kilio kile vilikwenda pamoja, alitaka kuona ndani ya bodi wakati ule ule. Hakuwa na jingine la kujaribu.

Saa mbili na dakika kumi na sita, orodha ilitokea kwenye kioo. Kazi ya kwanza, kusoma uzito: imelala. Ya pili, kuonyesha namba: imelala. Ya tatu, risiti: imelala. Ya nne, saa: macho.

Ya tano haikuwa na jina.

Tii.

Ikaamka. Mtoto akatoa kilio chembamba.

Sandra akabonyeza kusimamisha.

Kimya... kimya cha aina nyingine. Aliinamisha kichwa. Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Mdomo wazi. Kifua kimesimama.

Vidole vyake vilimtangulia kufikiri. Akabonyeza kuendelea, na kifuani pake mtoto akavuta pumzi kwa kishindo, akalia.

Ni mwili tu, alijiambia. Amechoka, pumzi imemkatika. Lakini kwenye kioo, katika kumbukumbu ya kazi ile isiyo na jina, mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa na sifuri tupu, sasa palikuwa na herufi nne.

MAMA

Akauchomoa waya.

Taa ya bodi haikuzima.

Tii. Kioo cha kompyuta kiliganda, kisha chenyewe, bila mkono wa mtu, kikaandika kwamba kazi zote zimesimama. Mtoto alinyamaza katikati ya kilio. Sandra akabonyeza kuendelea, mara mbili, mara tatu, akipiga kelele bila kujua kwamba anapiga kelele. Mara ya tatu ikakubali. Mtoto akapumua.

MAMA FUNGUA

Harufu ya mpira ikajaa chumba.

Sandra alitoka mbio na mtoto, akamkuta Mama Awor amesimama ukumbini, gizani, ameegemea mlango mkubwa kwa mgongo wake wote, kama anayeuzuia. Komeo lilikuwa limefungwa. Sandra alimweleza alichokisoma, maneno mawili tu. Yule mama akaubana mgongo zaidi kwenye mlango.

"Nani amekwambia maneno hayo?"

"Yako ndani ya bodi, Mama."

"Mwongo. Wewe ni mchawi."

"Basi niite mchawi. Lakini huyu anakufa."

Mama Awor aliteleza taratibu mpaka akaketi sakafuni, mgongo bado mlangoni. Alisimulia akiitazama miguu yake. Kabla ya Ochwo alizaa mwana mwingine. Mwenye kichwa chepesi cha kujifunza. Mchana alilala, usiku alitoka na taa ndogo kipajini na vidude vyake vinavyolia, akizunguka maghala kupima mizani, kwa kuwa mchana maghala yalikuwa na watu. Watu wakaona taa inayotembea peke yake mashambani. Wakasema nyumba ile ina mkimbia usiku, mchawi anayezurura gizani. Kuku wa fulani wakafa, mtoto wa fulani akafa. Jioni moja, saa mbili na kitu, wakamkimbiza mpaka hapa.

"Akagonga," alisema. "Akaita. Na sisi tumefundishwa, ukiitwa gizani usiitike mpaka mara ya tatu, maana mchawi hana pumzi ya kuita mara tatu."

Sandra alimsogeza mtoto karibu na shingo yake.

"Aliita mara mbili. Wakamfikia." Mama Awor akaushika ukingo wa kanga yake. "Waliniuliza kwa dirisha, huyu ni wako? Nilikuwa na Ochwo mgongoni. Nikasema simjui."

Wakamchomea njia panda, kwa tairi. Hakuzikwa uani. Jina lake likafungiwa nje kama alivyofungiwa mwenyewe.

Kutoka chumbani, bodi isiyo na umeme ililia. Tii.

Pumzi ya mtoto ikasimama.

Sandra alimtikisa, akampulizia puani, akamgeuza, akampiga mgongo. Hakwenda kwenye kompyuta. Alijua haitamtii tena. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka rangi ya majivu.

"Mtaje, Mama."

"Nikimtaja ataingia."

"Ameshaingia."

"Hujui. Hujui alivyo sasa. Miaka ishirini na saba nje... hawezi kuwa mwanangu tena."

"Mtaje!"

Na hapo mlango ukagongwa.

Haukugongwa kwa nguvu. Kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, kama mtoto wa nyumba aliyechelewa. Mama Awor aliusikia mgongoni mwake, kwenye mifupa. Alisimama. Aligeuka. Alimtazama mjukuu wake mikononi mwa mwanamke wa Busia, kisha akautazama mlango, na uso wake haukuwa na ukali hata kidogo tena. Ulikuwa uso wa mtu ambaye chuki yake yote ilikuwa nguo tu, na sasa yuko uchi.

Ukagongwa mara ya pili, na mkono wake ukaenda kwenye komeo.

Midomo ilitaja kwanza bila sauti. Kifua cha mtoto kikapanda, mara moja, kikasimama pale juu... kikingoja.

Nje, mtu aligonga kwa mara ya tatu.

Mama Awor akavuta komeo.

"Ofumbi," alisema. "Ofumbi, mwanangu. Ingia."