Linashughulikiwa na Nani?

Kila jioni, Tereza alipomaliza kuosha vyombo, alikaa karibu na redio kusikiliza kipindi cha Bunge. Yeye na mama yake walikaa Miyuji, Dodoma, pamoja na shangazi yake Frida, karani wa Bunge aliyepiga chapa maneno yote ya waheshimiwa. Vyama vingi vilikuwa vimeanza na maswali yalikuwa makali. Tereza alipenda hasa pale kiongozi wa serikali aliposimama, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti nzito, "Mheshimiwa Spika, suala hilo linashughulikiwa." Wabunge walipiga meza. Shangazi Frida alizima redio.

"Mbona unazima, shangazi?"

"Nimelipiga chapa neno hilo kutwa nzima. Nyumbani niacheni nipumzike."

Tereza hakuona ubaya wa neno lile. Yeye mwenyewe alikuwa darasa la sita, na wenzake walikuwa wamemchagua kuwa Waziri Mkuu wa baraza la wanafunzi, lililokutana kila Ijumaa. Kazi yake ilikuwa kupeleka shida za wanafunzi kwa mwalimu mkuu na kurudi na majibu. Tatizo ni kwamba alimwogopa mwalimu mkuu.

Ijumaa moja Abeli, mjumbe wa darasa la tano, alisimama. "Mheshimiwa Waziri Mkuu, koki ya bomba la shule imeharibika. Tunanawa wapi?"

Tereza alikohoa kidogo. "Suala hilo linashughulikiwa."

Wanafunzi walipiga madawati kwa furaha. Ijumaa iliyofuata Abeli aliuliza tena, na Tereza akajibu kuwa suala hilo liko mbioni.

"Mbio gani hizo zisizofika?" Abeli aliuliza. Safari hii madawati yalinyamaza.

Na kweli ilichosha. Koki moja tu! Enzi za uhaba mtu angeweza kusingizia kuwa vifaa havipatikani. Sasa biashara huria ilikuwa imejaza maduka ya mjini, koki zinaning'inia mlangoni kama mafungu ya vitunguu. Lakini bomba la shule lilibaki limefungwa kwa mpira wa baiskeli, upepo wa kiangazi ukivumisha vumbi, na watoto wa darasa la kwanza wakishinda na nyuso chafu zilizojaa nzi.

Mmoja wao alikuwa Anyesi, mdogo wake Tereza. Alianza kufikicha macho. Kisha asubuhi moja akaamka kope zimegandamana kwa matongo, akalia kwamba haoni. Mama alimbeba hadi zahanati, Tereza akifuata nyuma.

Muuguzi alimgeuza Anyesi kope, akatikisa kichwa. "Hivi ni vikope, mama. Nitampa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Asiponawa uso kwa maji safi mara kwa mara vitarudi, na vikirudi na kurudi, mwisho wake ni upofu." Akamgeukia mtoto. "Shuleni kwenu kuna maji?"

"Yanashughulikiwa," alijibu Anyesi.

"Yanashughulikiwa na nani?"

"Na dada Tereza," alisema Anyesi kwa fahari, macho yamefumba.

Mama na muuguzi walimtazama Tereza. Aliona aibu hata akatamani ardhi ipasuke.

Jioni ile hakugusa redio. Alimweleza Shangazi Frida kila kitu, kwamba hakuwahi kumwambia mwalimu mkuu lolote. Shangazi alivuta pumzi kwa uchovu.

"Darasani mmefundishwa kauli ya kutendwa?"

"Ndiyo, shangazi. Mti umekatwa. Chakula kimeliwa."

"Kimeliwa na nani? Hujasema. Ndiyo raha ya kauli hiyo, mtendaji anajificha humo na hakuna wa kumwuliza. Kesho nenda ukaulize."

Kesho yake Tereza alibisha hodi ofisini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?" aliuliza Mwalimu Bartolomayo, mwalimu mkuu, bila kuinua macho.

"Nimekuja kuuliza habari za koki ya bomba."

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Na nani, mwalimu?" aliuliza Tereza.

Mwalimu Bartolomayo aliinua macho, amekunja uso. "Na Mwalimu Ulimboka," alisema, akamwita msaidizi wake huyo.

"Mimi?" alishangaa Mwalimu Ulimboka. "Mimi nilijua unalo wewe, mkuu."

Alasiri ile ile Mwalimu Ulimboka alipanda baiskeli kwenda mjini, akarudi na koki mfukoni. Kuifunga hakukumaliza hata kipindi kimoja.

Ijumaa, Mwalimu Bartolomayo alikuja mwenyewe barazani. Tereza alisimama, na safari hii hakukohoa. "Niliwaambia suala la koki linashughulikiwa. Halikuwa likishughulikiwa. Niliogopa kuuliza, nikawadanganya, na mdogo wangu akaugua macho. Naomba mnisamehe."

"Tusameheni sote wawili," alisema Mwalimu Bartolomayo, "maana neno hilo nilikuwa nalo hata mimi. Wanangu, kiongozi akiulizwa asiyoyajua, aseme sijui, nitauliza. Akiyajua, aseme nani atafanya na lini. Jibu tamu lisilo na mtu ndani yake ni uongo, na uongo huo huwaumiza wadogo kwanza."

Abeli alisimama tena. "Mwalimu, na mlango wa choo cha wasichana ulioanguka?"

"Suala hilo..." alianza Mwalimu Bartolomayo. Wanafunzi wote walimgeukia. Aliwatazama, akacheka kwa uchovu, akavua miwani.

"Nitautengeneza mimi," alisema. "Jumatatu."

Jumatatu asubuhi walimkuta kule chooni na nyundo mkononi, na Anyesi amemshikia misumari, akiwa amenawa uso.